Nyumba ya Baridi: Kipi Kitangulie, Jiko, Choo au Bustani?



Tunakutana tena katika ukurasa wetu wa nyumba, na wiki hii tunaanza kwa kulipa deni.

Miezi michache iliyopita, tulipozungumzia kona ya sala nyumbani, tuliandika kwamba sisi wa Kenya hutandika msala kuelekea kaskazini. Maneno yale yanamtosha aliye Mombasa au Malindi, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kamili ya mwambao wetu. Hayamtoshi aliye Kitale au Bungoma. Dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kitale, alituandikia barua ya adabu akatusahihisha: huko aliko, Kibla huegemea upande wa mashariki kwa takriban nyuzi 13 kutoka kaskazini. Tumehakikisha, na amesema kweli. Tunamwomba radhi yeye na kila aliyetandika msala wake kwa kutuamini sisi.

Barua yake haikuishia hapo. Nusu ya pili ilikuwa swali, nalo ndilo lililotutoa majumbani mwetu. Alieleza kuwa yeye na mume wake wameuza mahindi ya msimu, wakaongeza fedha za chama, na sasa wanaweza kufanya kazi moja tu nyumbani kabla ya mvua za Machi. Mume anataka jiko jipya la kisasa lenye vigae, lisilo na ukuta kati yake na sebule, kama aliyoyaona kwenye simu. Yeye mwenyewe anatamani sitara, kwani jiko na choo viko nje uani na njia ya majirani inapita kando. Mama mkwe wake, mzaliwa wa Bungoma, hataki kitu kiguswe. "Basi niambieni," aliandika, "tuanzie wapi bila ya mtu kununa?"

Tuliona kwamba swali kama hilo halijibiki kwa kalamu peke yake. Mwezi wa Januari wawili kati yetu tulifunga safari.

TULIFIKA NA RAMANI YA PWANI

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon ukiwa magharibi yake na milima ya Cherangani mashariki. Mchana jua lilituchangamsha, lakini magharibi ilipoingia ubaridi ulitushika hadi mifupani. Usiku wa kwanza tulilala na sweta, soksi na mitandio yetu juu.

Tunayasimulia haya kwa sababu ndani ya mkoba tulikuwa na ramani tuliyoichora Mombasa, na ilikuwa ramani ya mtu anayekimbia joto. Nyumba zetu za mwambao zimejengwa kwa hekima ya pahala pake. Daka huvunja njia ya macho ili mpita njia asione ndani, ua wa katikati huingiza hewa na mwanga, na katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa ghorofa ya juu ili moshi na joto viende zao. Sisi tulikuwa tumechora matofali ya matundu katika kila ukuta. Kulipokucha tuliikunja ramani ile tukairudisha mkobani. Sitara ya daka inafaa popote. Matundu ya kupitisha upepo wa usiku hayafai Kitale.

Makazi yenyewe yalikuwa hivi. Mbele ni nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati. Nyuma yake, hatua kumi na tano hivi, ni jiko la udongo lisilo na dirisha, lenye mafiga matatu. Mbele zaidi, mwisho wa mteremko, ni choo cha shimo. Kisima kiko upande wa juu, mbali na choo, na hapo waliojenga tunawapongeza. Kati ya nyumba na choo ni udongo mtupu, ambao wakati wa mvua hugeuka utelezi. Dada yetu hulazimika kuvaa buibui lake kila anapokwenda kutazama sufuria, tena kila anapokwenda haja. Tulihesabu siku moja: alitoka nje ya mlango wa nyuma mara ishirini na sita.

MAMA NA MAFIGA MATATU

Tulikwenda kumsalimu mama mkwe jikoni mwake. Ni bibi aliyepita miaka sabini, magoti yake yamechoka, lakini ulimi wake ungali na nguvu. Alituwekea vigoda karibu na moto. Macho yetu yalitoka machozi kwa moshi. Yake yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu zamani. Alikohoa mara kwa mara kama mtu aliyezoea.

Tulimuuliza kwa adabu kwa nini hataki jiko jipya.

"Wanangu," alisema, "mimi siupendi moshi. Nani anaupenda? Lakini wakinijengea jiko la kusimama, la kuwasha na kuzima, mimi nitakaa wapi? Hapa ndipo ninapoota moto. Hapa ndipo wajukuu wanaponijia jioni. Jiko likihama, na mimi nimehamishwa."

Tulinyamaza. Katika ramani yetu, na katika picha za simu ya mwanawe, hamkuwa na mahali pa mtu kukaa karibu na moto.

Kisha mkwewe alipotoka kwenda kuleta maziwa, tukamuuliza ni kitu gani kinachomsumbua zaidi pale nyumbani. Alichochea kuni kwanza. Halafu akatuambia kwa sauti ya chini kwamba tangu alipoteleza njiani kwenda choo wakati wa mvua za mwaka juzi, hanywi maji baada ya Alasiri. Akinywa, itambidi atoke usiku. Hata Ramadhani hufuturu kwa kikombe kimoja, akaacha. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu hataki mwanawe aone kwamba amekuwa mzigo.

Tumeyaandika haya kwa idhini yake. Alisema, "Andikeni, maana si mimi peke yangu."

Jioni ile, mama mwenyewe akiwapo, tuliyaeleza mbele ya mwanawe na mkwewe. Mwana aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Hakuna aliyetaja vigae tena siku hiyo. Jibu la swali la barua likawa limepatikana, wala hatukulitoa sisi.

CHOO NA BAFU NDIVYO VITANGULIE

Ushauri wetu kwa nyumba hii, na kwa kila nyumba yenye mzee, mjamzito au mtoto, ni huu: fedha za kwanza ziende kwenye choo na bafu vinavyofikika bila kutoka nje ya sitara. Tuliwachorea chumba kidogo kilichoungana na ukuta wa nyuma wa nyumba, chenye mlango unaofungukia ndani ya ukumbi. Mambo ya kuangaliwa ni haya.

Kwanza, shimo na kisima. Choo chenyewe kiwe ndani, lakini shimo libaki nje, upande wa chini wa mteremko. Lisiwe karibu na kisima kwa chini ya mita 30, na kitako chake kisifikie maji ya ardhini. Choo cha kumwagia maji chenye shingo iliyopinda hubakiza maji kidogo shingoni, nayo maji hayo huzuia harufu na nzi. Lita mbili au tatu za ndoo zatosha kukisafisha, kwa hiyo asiye na maji ya mfereji asikate tamaa. Atakayebaki na choo cha shimo cha nje aweke bomba refu jeusi la kutolea hewa, lipande juu ya paa, na mdomoni mwake pafungwe wavu. Upepo hufyonza harufu kupitia bomba, na nzi wanaofuata mwanga juu hunaswa na wavu. Choo chenyewe kiwe na giza kidogo ndani, ama sivyo nzi watafuata mlango.

Pili, mwelekeo. Imepokewa kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuelekea Kibla au kukipa mgongo wakati wa haja, akaamuru watu waelekee mashariki au magharibi. Maneno hayo waliambiwa watu wa Madina, ambao Kibla chao ni kusini. Kwetu Kibla ni upande wa kaskazini, kwa hiyo mashariki na magharibi yanatufaa vilevile. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameruhusu ndani ya jengo lenye kizuizi, ila kuepuka ni bora. Anayejenga upya hana gharama yoyote ya ziada kwa kumwambia fundi akigeuze choo kabla saruji haijamwagwa. Baada ya hapo gharama ipo.

Tatu, mkono na maji. Mfereji au kopo la kustanji liwe upande wa kulia wa anayekaa, ili mkono wa kulia umimine na wa kushoto usafishe. Mafundi wengi hulisahau jambo hili, na familia hulilipia kila siku.

Nne, magoti ya wazee. Kwa mama yule tulipendekeza choo cha kukaa chenye kimo cha sentimita 45 hivi, na bomba imara la kushikilia ukutani. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa kidogo, au vigae vyenye mkwaruzo. Vigae vinavyong'aa ni vizuri ukutani. Sakafuni ni hatari. Mteremko wa sakafu wa sentimita moja au mbili kwa kila mita watosha kupeleka maji kwenye tundu. Dirisha liwe juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama, mwanga uingie na macho yasiingie.

Tano, mahali pa kutawadhia. Pakiwezekana, pawe nje ya chumba cha choo, hata kama ni kona ya ukumbi yenye kijukwaa cha kukalia na mfereji wa chini. Hapo mtu atasema Bismillahi bila wasiwasi, na mzee ataosha miguu yake bila ya kuinyanyua juu ya sinki.

Kuhusu Kibla chenyewe, kwa wanaotaka uhakika, ipo njia ya wazee isiyohitaji simu. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba. Mara ya kwanza ni tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na mara ya pili ni tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa za Makka ni sawa na zetu. Wakati huo simika kijiti kilichonyooka, na atakayelitazama jua atakuwa ameelekea Kibla. Huko Kitale na Bungoma kijiti cha mita moja hutoa kivuli cha sentimita 38 hivi, nacho hulala upande ulio kinyume na Kibla. Wekeni alama ukutani, nayo itawatosha maisha. Nyuzi 13 si nyingi machoni, lakini mstari wa mita 4 uliochorwa kwa kaskazini tupu utakuwa umeachana na Kibla kwa karibu mita moja mwishoni mwake.

JIKO: UTOENI MOSHI, UACHENI MOTO

Kazi ya pili, mavuno yajayo yakijaliwa, ni jiko. Moshi si jambo la kuvumiliwa kwa sababu tumeukuta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Wanaokaa karibu zaidi na sufuria ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Hata hivyo, mama yule ametufundisha kwamba jiko la bara ni pia chumba cha kuota moto na cha kukusanyika. Atakayeondoa moto wote atakuwa amemnyang'anya mzee kikao chake. Kwa hiyo tulipendekeza kujenga jiko la kuni lililoinuliwa, lenye pipa la udongo wa kuchoma ndani yake. Majiko ya namna hiyo yanajulikana sana magharibi mwa Kenya kwa jina la Upesi au Maendeleo, na hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Juu yake liwepo dohani la bati linalopanda kupita kilele cha paa, lenye kofia ya kuzuia mvua. Pale linapopenya paa, mbao zikae mbali nalo kwa shubiri moja au zaidi. Kando ya jiko pajengwe baraza fupi la matofali lililosakafiwa. Hapo ndipo mama atakapokaa, na wajukuu wake pembeni. Moto upo, joto lipo, moshi umeondoka.

Anayetumia gesi azingatie kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini na kutuama. Mtungi ukae nje penye kivuli na kufuli, au pawepo tundu la hewa karibu na sakafu. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

Meza ya kazi isiigizwe kutoka kwenye picha. Msimamisheni mpishi mwenyewe, akunje kiwiko, kisha mshuke sentimita 10 hadi 15: hicho ndicho kimo chake. Pa kukandia unga wa chapati pawe chini kidogo kuliko hapo, kwa sababu kukanda kunataka uzito wa mwili. Dada yetu ni mfupi kuliko wifi zake, na meza ya kimo cha kawaida ingemuumiza mabega kwa miaka thelathini.

Kuhusu jiko lisilo na ukuta, hatulikatazi. Linafaa nyumba ambayo wageni wake ni jamaa tupu. Nyumba ambayo wageni wa mume hukaa sebuleni, na mke anataka kupika akiwa amejifungua kichwa, inahitaji angalau nusu ukuta na pazia, au mlango uliopinda kama daka letu. Tulimweleza hivyo mume, naye alicheka akasema hakuwa amelifikiria. Picha za simu hazina wageni ndani yake.

Jambo la mwisho la jikoni ni mahindi. Trans-Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, na nyumba nyingi hulundika magunia jikoni. Mvuke na joto huyapa ukungu, na ukungu huzaa sumu ya aflatoksini. Katika mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa nchi. Magunia yakae chumba kikavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kuyahifadhi, chukueni chupa kavu ya kioo, mtie punje na chumvi kavu, mtikise kwa dakika chache, kisha muache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudisheni juani.

BUNGOMA: MAJI YA PAA NA BUSTANI

Siku ya tatu dada yetu alitupeleka kwa wifi yake. Tuliteremka kupitia Kiminini na Webuye mpaka Bungoma, na tulipofika tulivua sweta, kwani Bungoma iko chini ya Kitale kwa karibu mita 500 na joto lake linatukaribia. Ni nchi yenye historia na pwani pia. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa mwambao ilifika Mumias, jirani yake, na Uislamu ukaenea kutoka hapo. Tulipokaribishwa kwa salamu na chai ya tangawizi, hatukujiona wageni.

Nyumba ya wifi si kubwa, lakini maji yake yamepangwa. Pande zote za bati amefunga michirizi ya kukinga mvua. Tulipiga hesabu pamoja: paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 480, na baada ya yanayomwagika na kupotea, lita 400 hivi huingia tangini. Pande hizi hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe kinaanguka kutoka mbinguni. Maji ya dakika za mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, huyamwaga pembeni kabla ya kuyaelekeza tangini. Mdomo wa tangi una wavu, kwa kuwa Bungoma ina malaria, na tangi lililo wazi hulea mbu. Tulikumbuka mabirika ya nyumba za kale za Lamu, ambamo wazee walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Wavu ni rahisi zaidi.

Maji ya udhu na ya kuogea hayaendi shimoni. Yanapita mfereji mfupi wenye kokoto hadi kwenye shina la mgomba, na migomba ile ilikuwa imenawiri hata katika ukame wa Januari. Imepokewa kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita moja. Tunawaomba wasomaji wajaribu: wekeni beseni chini ya mfereji mnapotawadha leo, kisha mpime. Sisi tulipima, na hatutaandika tulichokipata.

Bustani yake iko nyuma ya jiko, hatua tano kutoka mlangoni, nayo ndiyo siri yake. Mboga iliyo mbali husahauliwa. Matuta yana upana wa mita moja na kidogo, ili mkono ufike katikati bila ya mguu kukanyaga. Udongo umechimbwa mara mbili, hadi kina cha sentimita 60, ukachanganywa na mboji, kwa mtindo ambao kituo cha kilimo cha Manor House kilichoko karibu na Kitale kimekuwa kikiufundisha tangu mwaka 1984. Mizizi hushuka chini badala ya kugombania nafasi, na tuta dogo hulisha nyumba. Tuliona mnavu, mgagani, kunde, mrenda na mitoo, mboga za kwao ambazo dada yetu amejifunza kuzipika kwa maziwa, naye amewafundisha wao mchicha wa nazi pale nazi inapopatikana sokoni.

Pembezoni amepanda ua wa tithonia, ule mmea wenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti. Ua huo humpa sitara, na majani yake akiyakata na kuyafukia huwa mbolea njema. Ndani ya ua ule wanawake hukaa, huchambua mboga na kuzungumza bila buibui. Tuliuona ukitimiza kazi ya kuta zetu za mawe kwa bei ya vijiti vya kupandwa.

Dada yetu anatamani asumini na mrihani wa kwao. Tulimshauri aviweke kwenye makopo kando ya ukuta unaopigwa na jua la mchana, avikinge na baridi ya usiku, wala asivunjike moyo vikikua taratibu.

UTARATIBU WA KUJENGA KIDOGO KIDOGO

Kwa aliye na fedha za kazi moja, basi, sisi tungelipanga hivi. Mosi, choo na bafu kwa wenye udhaifu, pamoja na njia iliyosakafiwa. Pili, dohani na jiko lililoinuliwa. Tatu, mchirizi na tangi, hata kama ni pipa moja kwa kuanzia. Vigae na mapambo vije mwisho, navyo si haramu. Nyumba nzuri ni katika furaha za dunia. Bustani haina zamu, kwani inataka jembe, mbegu na mikono, na inaweza kuanza kesho. Wala msianze chochote kabla ya kuwauliza wote wanaoishi ndani, mmoja mmoja, faraghani. Tungeliuliza mbele ya watu, mama yule asingetuambia.

Wiki iliyopita dada yetu alitutumia salamu. Mvua za kwanza zimenyesha Kitale. Chumba kimeezekwa, choo kimeelekezwa magharibi, bomba la kushikilia limefungwa, ingawa rangi bado na mlango umetengenezwa kwa mbao za zamani. Mume amewekea taa kizingitini. Akamalizia kwa sentensi moja ambayo tumeisoma mara nyingi: "Mama sasa anaitisha kikombe cha pili cha chai baada ya Isha."

Ndugu wasomaji, leo usiku watazameni wazee wenu wanapokataa maji. Waulizeni kwa upole ni kwa nini. Huenda jibu likawa ndiyo ramani ya nyumba yenu.

Inshaallah wiki ijayo tutazungumzia namna ya kuhifadhi samaki mkavu na viungo katika nyumba za unyevu. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe makazi ya utulivu, na awape wazee wetu afya na sisi tawfiki ya kuwahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.